Kilichoanguka Chini ya Meza

Mtaani walimwita Mama Viraka, na jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye aliitwa kwa kazi yake. Alishona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya kila rangi: juu viraka, katikati pamba, chini bitana. Ukijifunika mfarishi wa Mama Viraka msimu wa baridi, kuamka asubuhi kunakuwa adhabu. Na viraka vyenyewe hakununua hata kimoja. Vyote vilitoka chini ya meza ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanajaribu tu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango ya chuma iliyofungukia barabarani. Meza ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu minne, bado una tundu la kitasa. Kulikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na waya uliotandwa kutoka ukuta hadi ukuta, ukining'iniza nguo za watu. Katika chumba hicho mke na mume waliwekeana sheria tangu siku za mwanzo wa ndoa, ili wasigombane: kilicho mezani ni cha Fundi, kilicho sakafuni ni cha mkewe. Kitambaa kikizidi, au kikiharibika, Fundi alikisukuma kwa kiganja kikaanguka, wala hakukitazama tena. Jioni Mama Viraka alifagia, akakitia kwenye gunia, akaondoka nacho. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu, na amani ilikuwepo.

Nyumbani gunia lilimwagwa kitandani na kazi ikaanza. Vilivyozidi kiganja vilikatwa miraba. Vilivyopungua vilikatwa pembetatu. Vile vyembamba, ambavyo mtu mwingine angefungia tu mdomo wa mfuko, alivishona kimoja kimoja juu ya kipande cha shuka kuukuu, mstari ukigusa mstari, mpaka shuka lenyewe likapotea chini ya rangi. Vinyuzi na makombo ya vitambaa vilijazwa kwenye mito. Fundi alikuwa akisema kwamba mkewe angepata njia ya kuunga vumbi, angelishona nalo. Mama Viraka alimjibu kwamba kitambaa kinachotupwa ni kile ambacho hakijapata mwenyewe, na kwamba hata yeye Fundi, alipomwoa, alikuwa kipande kilichobaki.

Utani huo ulikuwa wa zamani. Mwaka huo Mama Viraka alitania kidogo na kutazama sana. Alikuwa anamtazama mumewe anapotafuta funguo, anapotaja jina la mtu, anaposimama katikati ya chumba na kusahau alichofuata. Alitishwa na mambo ambayo kwa mke mwingine yangekuwa kichekesho. Miwani ikipatikana kabatini kati ya vikombe, yeye hakucheka. Siku moja Fundi alimsalimia muuza mkaa, wakapiga soga, muuza mkaa akageuka kuchukua gunia lake, naye Fundi akamsalimia upya kwa uchangamfu ule ule. Muuza mkaa alidhani ni mzaha, akaitikia. Mama Viraka alishika fremu ya mlango.

Sababu ilikuwa baba mkwe. Marehemu naye alikuwa fundi, tena aliyemfundisha mwanawe kushika mkasi. Ilimwanza kidogo kidogo. Alishona suruali, akafunga midomo ya mifuko yote. Mwenye suruali akasema si mbaya, angalau mkewe hatamchomolea kitu, na watu wakacheka. Kisha akapima mwimo wa mlango akidhani ni bega la mteja. Kisha akaanza kumwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni, na hapo kicheko kikaisha. Walikuja kumvua duka mikononi huku analia, anauliza amekosa nini. Fundi aliyaona yote hayo kwa macho yake, na tangu wakati huo alikuwa na neno moja ambalo hakulifanyia mzaha. Alisema siku atakayopoteza kitambaa cha mtu, siku hiyo atafunga milango kwa mkono wake mwenyewe. Hatangoja kuvuliwa.

Basi Jumatatu asubuhi kitambaa cha mtu kikapotea.

Kilikuwa cha nesi wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mama yake nesi alikuwa amekitunza sandukuni miaka mingi, zambarau iliyofifia kidogo yenye maua meupe madogo madogo, hakukishona mpaka akafariki. Sasa mdogo wake nesi alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata, na nesi alitaka asimame pale mahali pa mama akiwa amevaa kitambaa cha mama. Kilikuwa kifupi. Fundi alikigeuza na kukigeuza hadi akapata gauni lenye mikono mirefu, kwa kubana kila pembe. Jumamosi iliyopita alikata, akaunga kiwiliwili, akabandika mkono wa kushoto. Jumatatu alipofungua duka aubandike wa kulia, haukuwepo.

Alitafuta mezani, nyuma ya cherehani, ndani ya droo ya cherehani yenye vifungo na zipu. Mama Viraka alipofika na chupa ya chai alimkuta amepiga magoti, ametia mkono chini ya kabati hadi begani. Nguo zote za kwenye waya zilikuwa zimeshushwa.

Fundi alimuuliza kama ameuona mkono wa gauni la nesi. Mama Viraka alisema hajauona, na alisema kweli kama alivyoijua, kwa sababu alipofikiria vipande vyake alifikiria vipande, si mkono mzima wa gauni. Naye akaingia kutafuta. Walitafuta mpaka wakaanza kutazama mahali ambapo mkono wa gauni hauwezi kwenda hata ungekuwa na miguu. Mwishowe Fundi akakaa kwenye kigoda, akapangusa vumbi kwenye magoti yake taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Nilikata miwili," alisema. "Nakumbuka mkasi ukipita. Nilikata wa kwanza, nikakata wa pili. Baada ya hapo sioni kitu, mama. Ni giza tu."

"Umechoka. Utaonekana."

"Imeanza," alisema Fundi. "Baba naye ilimwanza hivi hivi."

Alisema maneno hayo kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana yalimuumiza mkewe kuliko kama angelia. Akaongeza kwamba nesi angekuja kesho yake baada ya kazi kujaribu gauni. Atamwambia ukweli, atamwomba radhi, kisha atampelekea habari fundi mmoja wa sokoni aje azitazame cherehani, azinunue. Mama Viraka alimwambia asiharakishe, akamwambia hili, akamwambia lile. Fundi alikuwa amekwisha anza kukunja futi yake, ile ya kitambaa aliyozoea kuivaa shingoni kutwa nzima, akaiweka mfukoni.

Mama Viraka alirudi nyumbani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na juu ya kitanda ulikuwa umetandazwa mfarishi mdogo aliokuwa anaushonea mjukuu, kwa kuwa binti yao wa pekee alikuwa mjamzito na siku zilikuwa zimekaribia. Alikwenda kuukunja ili aupe mwili wake mahali pa kuanguka. Akaona zambarau. Miraba ya zambarau yenye maua meupe madogo ilikuwa imepangwa vizuri kuzunguka ukingo, kila mmoja umeketi kati ya bluu na manjano, na pembetatu zake ndogo kwenye kona.

Alikumbuka. Jumamosi jioni, alipokuwa anafagia, alikiona kipande kikubwa sakafuni kilichopinda juu kwa umbo la mlima mdogo, na akajisemea moyoni kwamba leo Fundi amekuwa mkarimu. Hakuuliza. Kwa nini aulize? Kilikuwa sakafuni. Jumapili alikilaza mezani, maua juu, akakikata, akashona, akapiga pasi, akafunika nyuma yake kwa bitana huku anaimba.

Msomaji atadhani mwanamke huyu alihuzunika. Alihuzunika baadaye. Kwanza alicheka, peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda ameziba mdomo kwa mfarishi. Mumewe hakuwa mgonjwa! Mkono ulianguka tu kutoka mezani, na mchawi wa mikono ya watu alikuwa yeye. Afadhali yeye aitwe mjinga mtaa mzima kuliko mumewe afuate njia ya baba yake. Alivaa viatu amkimbilie palepale.

Alipofika mlangoni akasimama. Alimjua Fundi. Angemwambia, naye angemtazama kwa huruma, angesema asante mke wangu kwa kunifariji. Fundi hakuamini maneno. Maneno hayapimwi kwa futi. Alitaka kitu cha kushika. Basi Mama Viraka akavua viatu. Atafumua mfarishi kwanza, ataupanga ule mkono upya, na atampelekea ushahidi mkononi. Jioni Fundi alirudi, akagusa chakula kwa heshima tu, akalala akitazama ukuta. Mkewe aliuma ulimi, akajikaza kisabuni.

Jumanne, Fundi alipokwenda dukani, alianza kufumua. Kufumua mshono wako mwenyewe ni kazi ya kutia hasira, maana kila sindano uliyoichoma kwa uangalifu inakukatalia. Alikuwa ameshona kwa nguvu, na mishono midogo, kwa kuwa watoto huvuta vitu. Alitumia wembe, ncha tu, akihofia kugusa kitambaa. Saa zilikuwa zinakwenda. Kila mlio wa barabarani alidhani ni mtu wa kumwambia kwamba nesi amefika mapema, au kwamba yule fundi wa sokoni amekuja na mkokoteni. Mjukuu alibaki na mfarishi wenye mashimo ukingoni, mithili ya mdomo wa mtoto anayeng'oa meno.

Viraka vya zambarau vilipotoka vyote, alivitandaza mezani na kuanza kuviunganisha kwa kutazama maua, ua lililokatwa nusu hapa likatafuta nusu yake pale. Pembetatu za ukingoni zikaenda ukingoni. Mkono ukaanza kurudi. Akavipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, akauinua. Ulikuwa mkono wa gauni, unaonekana kabisa, umechoka lakini mzima. Kwa furaha akauzungushia kwenye mkono wake wa kulia aone unavyokaa.

Haukukaa.

Mkono wa gauni una mbele na nyuma. Upande wa mbele, penye kwapa, fundi huchimba zaidi. Upande wa nyuma huuacha umejaa ili mtu aweze kunyoosha bega. Na huo, kwenye mkono wake wa kulia, ulijaa mbele na kubana nyuma. Alidhani amekosea kupanga. Akautazama tena, maua yote yalikutana. Akauhamishia mkono wa kushoto. Ukalala pale laini, bila kunung'unika.

Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha bandikwa kwenye gauni. Aliuona mwenyewe ukining'inia. Mama Viraka alisimama na mkono huo wa pili wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kifupi mno kukunjwa mara mbili, kwa hiyo Fundi alikata kila mkono peke yake, na alipokata wa pili alisahau kuigeuza karatasi ya kipimo. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Hata hivyo fundi yeyote anaweza kulifanya akiwa amechoka. Si hilo lililomtisha. Aliugeuza mkono, atazame upande usio na maua, na akaona chaki.

Ilikuwa imefifia kwa pasi, lakini ilikuwepo, mstari unakatiza kiraka hiki na kile, na mwingine ukiukata mstari huo katikati. Msalaba. Fundi alikuwa akichora msalaba kwenye kila kipande kilichoharibika kabla ya kukisukuma sakafuni, ili kisipande tena mezani kwa bahati mbaya. Ilikuwa desturi yake na ya baba yake kabla yake.

Mama Viraka akakaa. Kumbe mkono haukuanguka. Fundi alikata wa pili, akaona kosa lake, akachukua chaki, akauchora msalaba mkubwa, akautupa. Alijua kwamba kitambaa kimekwisha na kwamba ana balaa la kumweleza nesi. Jambo kubwa kiasi hicho kwa fundi, jambo la kumkosesha mtu usingizi. Akafunga duka, akaja nyumbani, akala, Jumapili akapumzika. Na Jumatatu aliamka halipo kichwani mwake. Hata harufu yake haipo.

Mama Viraka alikuwa amekuja kwenye meza hiyo kutafuta ushahidi wa kosa lake mwenyewe, na ushahidi ulikuwa umemwachia huru. Hakuwahi kuuchukia uhuru namna hiyo. Alilia, na hapa hakuna haja ya kupamba: alilia kwa sauti, mkono wa gauni umelala mapajani mwake, akisema hapana, hapana, si yeye.

Alipomaliza kulia alifikiri. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo aliujua, na aliwahi kuwatolea watu wengine kwa ukali sana. Lakini maradhi ni jambo moja, na mtu kuambiwa leo, mbele ya mteja, kwamba ndiyo, umekwisha, kama baba yako, ni jambo jingine. Fundi akizifunga zile cherehani atakaa nyumbani atazame ukuta, na ukuta utamla haraka kuliko ugonjwa. Alikuwa bado anashona. Juzi tu alikuwa anashona. Kulikuwa na siku zilizobaki, na Mama Viraka maisha yake yote alikuwa mtu wa vilivyobaki.

Alichukua wembe akaufumua mkono ule tena. Zile pembetatu za ukingoni, ambazo fundi angezitazama mara moja na kujua ni za upande gani, alizikusanya akaenda nazo uani, akazitia kwenye pipa la taka, akamwagia majivu juu. Hakuwahi kutupa kitambaa. Akarudi, akachukua kitambaa chenye maji, akasugua nyuma ya kila mraba mpaka chaki ikatoka, akavipiga pasi vikakauka, akavifunga kwenye leso, akaenda dukani na uongo wake mkononi.

Fundi alikuwa amevaa shati la kutokea. Cherehani zote mbili zilikuwa zimefunikwa.

"Ni mimi," alisema Mama Viraka, na akafungua leso mezani. "Ulianguka, nikaufagia. Nilidhani ni wangu. Nimeukata."

Fundi alivitazama viraka muda mrefu. Alinyoosha mkono, akachukua kimoja, akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Mkewe hakuwa na hakika tena kama alisugua chote. Aliona wazi moyoni mwake ncha ya msalaba imebaki kwenye kona ya kile kile. Fundi alipitisha kidole gumba juu yake.

"Umeukata mkono wa gauni la mtu," alisema.

"Nimeukata."

"Mkono mzima. Wenye bega. Ukaona bega, ukakata."

"Nilikata, Fundi. Nisamehe."

Hapo akapasuka. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumkaripia hivyo. Alimuuliza kama macho yake yalikuwa kisogoni. Alimuuliza kama angemkuta yeye amelala sakafuni angemkata miraba pia. Alisema tamaa ya vitambaa itamfikisha pabaya, na kwamba leo aibu yake itafika mpaka kwa marehemu mama wa watu. Muuza mkaa alichungulia, akaondoka. Na katikati ya ukali huo sauti yake ikakatika, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mabega yakamtetemeka, na Mama Viraka akaona kwamba anacheka, au analia, na yeye mwenyewe hajui ni kipi. Alisema hakupata usingizi. Alisema alidhani amekuwa baba. Mkewe alimshika mgongo akasema si kweli, si kweli.

Kisha Fundi akavua shati la kutokea, akaitoa futi mfukoni akaivaa shingoni, na akawa fundi. Alivihesabu viraka kwa kuvigusa, akalitazama gauni, akalitazama tena. Mikono mirefu haiwezekani. Yote miwili iishie kwenye kiwiko: wa kushoto ataupunguza, kilichopungua kitazibia pengo la wa kulia, na wa kulia utaungwa kwa viraka, kwa kuwa maua yale madogo yanaficha mishono. Alipanga yote hayo kichwani bila kalamu, kwa dakika chache, hakukosea mahali. Mama Viraka alimpitishia viraka kimoja kimoja na kumsikiliza anavyounguruma na cherehani yake, na hofu ikamzidi badala ya kupungua. Mtu huyu anawezaje? Ni yule yule.

Nesi alikuja amevaa bado sare yake nyeupe. Akatoa shikamoo. Fundi, aliyekuwa mchangamfu kupita kiasi, alimweleza yote: mkono ulivyoanguka, mke wake alivyoukata, walivyouokoa. Nesi aliugusa mkono wa kulia, mshono kwa mshono, na machozi yakamlengalenga. Alisema mama yake hakuwahi hata kukata uzi wa kitambaa hicho. Mama Viraka aliinamisha kichwa akaomba radhi, hakujitetea. Gauni lilimkaa nesi vizuri, hilo hata yeye alikubali, lakini aliaga bila kumtazama mama huyo usoni. Ndipo Mama Viraka, kwa adabu ya mwenye kosa, akatoka kumsindikiza hadi ukingoni mwa barabara.

Nesi alingoja magari yapite. Kisha akasema, bado amekasirika kidogo, "Siku ile nilipoleta kitambaa, Fundi alinipima. Nikakaa kukusubiri wewe, mama, tusalimiane. Akainuka akanipima tena toka mwanzo, akaniuliza jina langu. Nilidhani anahakikisha."

Mama Viraka aliyafuata magari kwa macho.

"Mlete, mama. Tumwangalie."

"Atakuja kupima macho," alisema Mama Viraka.

Nesi akamtazama usoni sasa. "Sawa," alisema. "Mlete apimwe macho."

Habari za mkono wa gauni zilienea, kwa kuwa Fundi alizieneza mwenyewe kwa raha. Kila mteja alisimuliwa. Wanawake waliokuwa wanamletea Mama Viraka vitambaa vyao vya zamani wakaanza kumtania kwamba wakae mbali wasije wakatoka bila mkono. Mmoja, ambaye hakuwa anatania, aliacha kabisa kumletea. Mama Viraka alicheka na wote. Kwa binti yake aliyemuuliza kwa simu ilikuwaje akafanya kosa la kitoto hivyo, alisema uzee, mwanangu, uzee.

Na Fundi akaweka sheria mpya. Kuanzia siku ile mkewe hakuruhusiwa kufagia na kuondoka. Kila kipande atakachokiokota, kikubwa kwa kidogo, lazima kwanza amwoneshe na amuulize ni cha nguo gani na kama ni cha kutupwa. Fundi aliitangaza sheria hiyo kwa kidole, mbele ya watu, na mkewe akaipokea kwa unyenyekevu uliomshangaza mumewe. Fundi alijiona amemwekea mkewe mlinzi.

Basi kila jioni, milango ya chuma ikiwa imefungwa nusu, Mama Viraka aliinama chini ya meza, akainua kipande kwenye mwanga. Hiki? Suruali ya mwashi, pindo lake, chukua. Na hiki? Shati la mwalimu, tulibadilisha kola. Na hiki? Fundi alijibu bila kuinua kichwa, akijiringia kidogo, na kila jibu likiwa sahihi mkewe alikiweka kipande guniani na kushusha pumzi. Vingine alivijua tangu asubuhi ni vya nini. Hivyo ndivyo alivyoviuliza kwanza.

Walipima macho. Kulikuwa na siku nyingine ya kurudi zahanati, na nyingine baada ya hiyo. Mjukuu alizaliwa, akafunikwa mfarishi ambao ukingo wake ulizibwa kwa kijani.

Jioni moja aliokota kipande cha bluu nzito, kitambaa cha sare za shule, ambacho Fundi alikuwa anakishona kutwa nzima. Rundo lake lilikuwa bado mezani, karibu na kiwiko cha Fundi. Akamwonesha, akauliza. Fundi alikishika, akakigeuza, akakivuta kidogo kupima uzito wake. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayeijua kazi yake.

"Hiki ni cha gauni la nesi," alisema. "Kile cha mama yake. Kilibaki kidogo tu." Akamrudishia, akatabasamu. "Umeona? Wewe ndiye unayesahau. Mimi sisahau kitu."

Mama Viraka alikipokea, akamwambia ni kweli.